Simbilisi Wanaokojoa Chokaa

Jumatatu, 28 Aprili

Vivian amerudi shule. Kabla hajapanda basi alinishika mkono mbele ya watu wote akasema, "Mum, usiniambie sawa sawa tu. Sema utawachunga mpaka nifunge." Nikasema nitawachunga mpaka ufunge. Nilisema haraka haraka basi lisije likamwacha, na sasa nimefika nyumbani ndio naona nilichokisema.

Simbilisi wawili sebuleni, wale panya wanene wasio na mkia. Njugu ana madoa meupe, Pilau ni wa kahawia, wote majike, wote wanapiga mayowe wakisikia karatasi ikichakarika. Mimi si mtu wa wanyama. Kwetu mnyama asiyetoa maziwa wala mayai halali ndani ya nyumba. Lakini mtoto ninaye mmoja, yuko kidato cha tatu, na tangu azaliwe si mtu wa kuomba vitu. Hiki ndicho alichoomba.

Jumapili, 4 Mei

Shida imepata mwenzake. Opicho, mume wangu, ameleta baba yake. Mzee Wekulo aliteleza zizini kwake Chwele mvua zilipoanza, akavunjika mguu. Ana plasta kuanzia pajani, na lazima akae karibu na kliniki ya huku Nairobi mpaka itolewe.

Nikamuuliza Opicho, alale wapi? Sisi Wabukusu mke wa mtu na baba mkwe wake hawakai chumba kimoja, hawashikani mikono, hawali pamoja, wala hawatazamani usoni. Na baba halali nyumbani kwa mwanawe, hilo halina mjadala. Opicho akanijibu bila haya, "Selpher, hii si nyumba. Hii ni ploti ya kupanga tu hapa Baba Dogo. Nyumba yetu iko Chwele." Akatundika pazia sebuleni, akamlaza mzee kwenye kochi, upande ule ule wa simbilisi. Kesho anarudi Lamu kwenye ujenzi mpaka kazi iishe. Yeye amemaliza. Mimi nimebaki na pazia.

Ndiyo maana naandika. Mimi nina mdomo, kila mtu anajua. Kiwandani tunapotengeneza mabeseni ya plastiki sauti yangu inapita mashine. Hapa nyumbani sasa siwezi kupaza sauti, na nisipoyatoa mahali nitapasuka.

Jumanne, 6 Mei

Mvua. Nguo hazikauki.

Ijumaa, 9 Mei

Utaratibu umeshika. Asubuhi nasimama nje ya pazia nasema, "Baba, chai." Nasukuma stuli kwa ndani bila kuangalia, naondoka. Yeye anakohoa, anasema, "Asante, mama." Ninapobadilisha gazeti ninalowatandikia simbilisi sandukuni anajifunika shuka kichwani ili tusionane, ananingoja nimalize kama mtu anayenyolewa. Jioni hivyo hivyo. Simbilisi ndio anaowasalimia vizuri. Namsikia akiwauliza walivyoamka, na ng'ombe wao wanaendeleaje. Ng'ombe gani jamani?

Alhamisi, 15 Mei

Leo kwenye gazeti nimekuta madoa meupe yaliyokauka. Ukiyakwaruza kwa ukucha ni unga mtupu, chaki kabisa. Nikadhani mzee amemwaga dawa yake. Jioni nikamwona Njugu akichutama pembeni, akapiga kelele nyembamba ya maumivu, na pale alipotoka pakabaki doa jingine jeupe. Mkojo! Mnyama anakojoa chokaa, naye akilia.

 Vivian ameenda juzi tu.

Jumamosi, 17 Mei

Nimemfunga Njugu ndani ya kikapu, nikampeleka kwa Daktari Mutunga, yule mwenye duka la dawa za mifugo Kariobangi. Alinikubalia wazi kwamba yeye wake ni kuku, mbwa na mbuzi, akampigia mwenzake wa Kabete wakaongea kwa muda mrefu. Kisha akanikalisha.

"Mama, wanyama wengi kalsiamu ikizidi tumboni wanaitoa na mavi. Simbilisi hana bahati hiyo. Yote anayokula inaingia kwenye damu, na inayozidi inatokea kwa mkojo. Ikiwa nyingi mkojo unakuwa tope. Tope likikaa linakuwa jiwe. Unawalisha nini?"

Nikamjibu kwa kiburi kabisa, maana nilijua ninawalisha kama wafalme. Sukuma wiki asubuhi, spinachi mchana, mchicha jioni, na juu yake ule unga wa kuku wa mayai ambao jirani yangu Kavinya aliniambia unanenepesha.

Daktari akajishika kichwa. "Unga wa kuku wa mayai! Ule umetiwa chokaa makusudi, mama, ili ganda la yai liwe gumu. Hawa wako wanataga?"

Wateja wakacheka. Nikamkata jicho, lakini alikuwa na haki. Chakula chao, anasema, ni nyasi, na tena nyasi, zile kavu za marobota na za kijani zikipatikana safi. Pilipili hoho kila siku, kwa sababu bila vitamini C wanaugua, na hoho haina kalsiamu nyingi. Tango la kuwaongezea maji mwilini. Sukuma jani moja mara moja moja, spinachi wasiione kabisa. Na maji yetu ya kisima, haya yanayoacha ukoko mweupe kwenye sufuria, tuyaache, tuwape ya mvua yaliyochemshwa.

Nilimpigia Opicho amwambie mzee, maana mimi nitamwambiaje? Opicho akasema sawa, amemwambia asiwape sukuma.

Jumapili, 18 Mei

Nimetoa beseni tatu nje kwenye korido kukinga maji ya paa. Kavinya anauliza kama nimeanza dini mpya.

Jumamosi, 24 Mei

Gazeti safi! Njano tu, hakuna unga. Njugu amekojoa kimya mbele yangu nami nikapiga makofi. Nimepiga makofi kwa sababu ya mkojo wa panya, Mungu wangu. Sasa kila asubuhi kabla ya kazi napita nyuma ya kanisa na kisu nakata nyasi, na dada wa kwaya wananipita wakidhani nimechanganyikiwa.

Jumanne, 27 Mei

Nimemsindikiza mzee kliniki, yeye mbele kwenye teksi na mimi nyuma kabisa, nikitazama dirishani. Mfupa unaunga polepole. Amepewa dawa mpya. Kwa kurudi aliniagizia kupitia dereva, "Mwambie mama wa hapo nyuma asante kwa siku ya leo." Dereva, kijana wa watu, akageuka akanitazama, akamtazama, akarudisha macho barabarani.

Jumamosi, 7 Juni

Madoa yamerudi. Meupe kuliko yale ya kwanza.

Jumatatu, 9 Juni

Sielewi. Nyasi nakata mwenyewe. Hoho nanunua mwenyewe. Maji nachemsha mwenyewe. Njugu anajikunja pembeni, manyoya yamesimama, na anapokojoa analia mpaka mzee anasema "pole, pole" kutoka kwenye kochi. Gazetini leo kulikuwa na damu.

Mtu anawapa kitu. Hilo naliona wazi. Na ni nani anayeingia hapa nikiwa kazini? Kavinya. Yeye ndiye ninayemwachia ufunguo ampelekee mzee uji wa saa nne. Kavinya anauza mboga hapo chini, mabua ya sukuma na majani ya spinachi yaliyonyauka anayo mfuko mzima kila siku, na hajawahi kuona mdomo wa kiumbe asiujaze.

Jumatano, 11 Juni

Nimeenda kwenye kibanda chake moja kwa moja kutoka kazini.

"Niaje, Mama Vivi," akaniita, "hoho zako nimekuwekea."

"Weka hoho zako. Unawapa nini simbilisi wa mtoto wangu?"

"Mimi? Uliniambia nisiwape kitu, sijawapa kitu."

"Na wanakojoa damu kwa nini? Unaingia pale na majani yako yaliyooza unayaficha chini ya kapu la uji, unadhani sijui?"

Wateja walikuwa watano, sita. Kavinya akaweka kisu chini. Mkamba yule akikasirika hapigi kelele. Akasema polepole, "Selpher, baba yako nampelekea uji kwa mikono yangu hii na sijawahi kukuomba hata asante. Chukua ufunguo wako."

Nikauchukua. Niliona ninayo haki yote duniani.

Jumamosi, 14 Juni

Njugu amekufa.

Nilimkuta asubuhi nilipoingiza mkono kwenye sanduku kutoa gazeti. Amelala ubavu, baridi. Pilau alikuwa amejibanza kwake. Mzee alikuwa amegeukia ukuta, shuka kichwani, sijui kama alikuwa macho.

Nimemzika nyuma ya kanisa, pale pale ninapokata nyasi. Nimelia, na sitaki mtu aniulize kwa nini mwanamke mzima analilia panya. Nilimwahidi mtoto. Kabaki mmoja.

Jumatatu, 16 Juni

Baridi. Mvua zimeisha, kimebaki kiza cha mawingu. Pilau hali vizuri. Madoa.

Alhamisi, 26 Juni

Vivian yuko midterm kwa shangazi yake Webuye, amepiga simu. Nilikuwa nimejiandaa kuzungusha maneno. Nikashindwa. Nikamwambia Njugu hayupo tena.

Hakulia. Ingekuwa afadhali alie.  Akauliza, "Na Pilau?" Nikasema anaumwa, lakini namlisha nyasi tupu, nimeacha kila kitu alichokataza daktari, na Kavinya nimemfukuza.

"Kavinya ulimfukuza lini?"

"Wiki mbili zilizopita."

"Na Pilau bado anaumwa?"

"Bado."

"Sasa mum, kama si Kavinya, mchana ni nani huwa na yeye?"

Nikamjibu hakuna mtu. Nikasema hivyo hivyo, hakuna mtu. Nilipokata simu nikasikia upande wa pili wa pazia kochi likilia, mzee akijigeuza.

Ijumaa, 27 Juni

Hapana. Haiwezekani. Aliambiwa.

Alhamisi, 3 Julai

Nitaandika yote kama yalivyokuwa.

Stima ilipotea kiwandani tukaachiliwa mapema. Nilifungua mlango taratibu kwa sababu mzee hulala mchana. Hakuwa amelala. Alikuwa anaongea nyuma ya pazia, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, ya kubembeleza mtoto mchanga.

"Kula, mama. Kula usimame. Mwenzako alikataa kusimama. Wewe usikatae."

Kisha nikasikia meno madogo yakitafuna kitu kigumu.

Pazia lina mwanya pembeni. Nikafanya ambalo mke wa mtu hafanyi, nikachungulia. Mzee ameketi, mguu wa plasta umenyooshwa juu ya stuli, Pilau kifuani. Mkononi ana nusu ya tembe kubwa nyeupe. Zile za kutafuna, zenye utamu wa chungwa, alizopewa kliniki ile siku ya teksi. Dawa ya mifupa. Kalsiamu tupu! Nusu alikuwa ameitafuna yeye, nusu anampa Pilau.

 Angekuwa mtu mwingine yeyote ningeingia nikampokonya na matusi juu yake. Lakini baba mkwe? Tangu niolewe sijawahi kumwambia mzee huyu neno "hapana". Nitaanzia wapi? Nikampigia Opicho, simu imezimwa. Kavinya nimegombana naye. Mtoto wa kutuma hakuna. Na tembe inaliwa.

Kwetu, mkwe akiwa na neno na hakuna wa kulibeba, analiambia chochote kilichopo karibu, paka, kuku, hata chungu, na mwenyewe anasikia. Nikaketi sakafuni upande wangu wa pazia.

"Pilau," nikasema kwa nguvu, "hodi humo ndani."

Kutafuna kukakoma.  Kisha mzee akakohoa. "Pilau, mwambie karibu."

"Pilau, unakula nini?"

"Mwambie unakula dawa. Kuka anakugawia yake."

Kuka ni babu kwa Kibukusu, ndivyo Vivian anavyomwita.

"Na Kuka anakugawia kwa nini, na ni ya mguu wake?"

"Mwambie hivi. Ng'ombe akizaa akalala chini akashindwa kusimama, daktari anakuja na chupa ya kalsiamu, anamtia kwenye mshipa. Hujamaliza kunawa mikono, ng'ombe amesimama. Nimewainua wangu wanne hivyo. Sasa nikamwona yule wa madoa amejikunja hapo, hawezi hata kutembea, na nyumba nzima watu wanahangaika na nyasi. Nikasema, hawa wa mjini hawajui ugonjwa huu. Mimi naujua."

Alisema kwa fahari. Hapo ndipo nilipotaka kulia. Wiki hizi zote mzee huyu amekuwa akijinyima dawa ya mguu wake mwenyewe, akijua anaokoa mali ya mjukuu. Aliambiwa asiwape sukuma, naye hakuwapa sukuma. Opicho hakumwambia kwa nini. Mimi sikumwambia kitu chochote. Tulikuwa na adabu mno.

"Pilau," nikasema, "mwambie Kuka wewe si ng'ombe. Mwambie ng'ombe analala kwa sababu kalsiamu imemwishia. Wewe unajikunja kwa sababu imekujaa. Daktari Mutunga alisema kwako haina njia nyingine ya kutokea, inakwenda kwenye kibofu, inakuwa tope, inakuwa mawe. Sukuma tulikukataza kwa sababu hiyo hiyo. Kila tembe ni jiwe, Pilau."

 Nilisikia mtoto wa ghorofa ya juu akiburuta kiti.

Mzee akasema, "Pilau, muulize. Na yule mwenzako?"

Sikuweza. Haki ya Mungu sikuweza. Nikatazama vidole vyangu vya miguu, nikasema, "Pilau, mwambie Kuka chai iko karibu kuiva." Na jiko lenyewe sikuwa nimeliwasha.

Ijumaa, 4 Julai

Hajala. Chakula kimerudi kama kilivyokwenda.

Jumamosi, 5 Julai

Hajala. Jioni nikasimama penye pazia, nikamwambia Pilau kwa ukali kwamba mtu akifa njaa kwenye ploti yangu nitawajibu nini watu wa Chwele, na plasta haijatolewa, na dawa za mfupa kuanzia leo azimeze zote mwenyewe mbele ya Mungu. Nikasikia kijiko.

Jumapili, 6 Julai

Nimeenda kwa Kavinya. Nikamwomba anifuate pembeni. Akakataa. "Ulinitukana mbele ya wateja. Utaniomba msamaha hapa hapa mbele ya wateja." Nikaomba, mbele ya mama mmoja wa nyanya na wanaume wawili waliokuwa wananunua miwa. Nikamweleza yote. Kavinya akasikiliza, akatikisa kichwa, akasema, "Woi, mzee maskini," akachukua ufunguo kutoka mkononi mwangu bila kuniuliza. Kisha akaita muuza mahindi ya kuchoma aliye jirani yake amwekee maganda mabichi, maana daktari anayaruhusu.

Alhamisi, 10 Julai

Daktari Mutunga ametupeleka kupigwa picha. Pilau ana jiwe, moja, dogo. Anasema kwa jike mlango ni mpana kuliko wa dume, linaweza kutoka lenyewe. Kumpasua sasa amekonda mno, hatatoka kwenye dawa ya usingizi. Maji mengi kwa bomba la sindano, dawa ya maumivu, nyasi mbichi, na tuombe. Ikifika mahali hakojoi kabisa, nimkimbize huko Kabete, na niende nikijua huenda asirudi.

Jumapili, 13 Julai

Hakojoi tangu alfajiri.

Sikwenda kanisani. Saa tatu Pilau alianza kulia hata bila kuguswa, sauti ndefu ndefu. Nikampigia daktari, akasema Kabete hawafungui Jumapili. "Mpe ile dawa, na maji kila baada ya muda mfupi, mkande tumbo polepole kuelekea nyuma. Lakini ashikwe na mtu mwingine, mama. Peke yako utamuumiza." Mtu gani? Kavinya ameenda mazishi Masii. Kwa majirani wa pande zote nilibisha, wote wako kanisani. Nikajaribu mwenyewe, Pilau akanirukia akaanguka kwenye mapaja yangu, maji yote yakamwagika kifuani.

Mzee alikuwa anasikia kila kitu.

"Mama Vivian," akaniita. Si Pilau. Mimi. "Mlete hapa."

Nikasimama penye pazia. Nilijua mkono wangu ukilivuta, kuna kitu katika ukoo wa watu hawa hakitarudi kilivyokuwa. Nikawaza Vivian akishuka basi, akiniuliza. Nikalivuta.

"Baba, naingia."

"Ingia."

Alitazama ukuta, mimi nikatazama mnyama. Akanyoosha mikono akampokea, akamlaza kwenye ile plasta yake, kifua kwenye kiganja kimoja, miguu ya nyuma kwenye kingine. Mikono ya kukamua, haitetemeki. Pilau akanyamaza kidogo. Nikampa maji, nikampa dawa, nikaanza kukanda. Tumbo lilikuwa gumu. Hakuna namna ya kukanda tumbo la mnyama mdogo hivyo bila kugusa vidole vya anayemshika. Viligusana. 

Tulikaa hivyo asubuhi nzima. Maji, kukanda, kupumzika, maji. Watu walianza kurudi kutoka kanisani, nikasikia viatu kwenye ngazi. Pilau alikuwa ameacha kulia na hilo lilinitisha zaidi. Mzee akasema kwa Kibukusu, karibu na sikio lake, maneno ambayo huambiwa ng'ombe anayezaa, avumilie, mlango uko wazi. Nami nikajikuta nayasema pamoja naye.

Pilau akakaza mwili wote. Akapiga ukelele mmoja ambao sitausahau. Na mkojo ukamwagika, tope jeupe lenye damu, plasta yote, mikono yetu sisi wawili, na ndani yake kijiwe, chenga ya mahindi si kubwa kuliko hicho.

"Kimetoka!" nikapiga kelele. "Baba, kimetoka!"

Nilimtazama usoni. Mara ya kwanza katika ndoa yangu. Ni mzee mwenye macho ya Opicho, na alikuwa analia waziwazi wala hajifuti, kwa sababu mikono ilikuwa imejaa.

Jumanne, 15 Julai

Pilau amekula nyasi, kisha hoho, kisha kona ya gazeti.

Opicho nimemweleza kwa simu. Hakuuliza habari ya jiwe. "Mmeshikana mikono? Selpher! Na mmetazamana?" Nikamwambia alalamikie pazia lake. Mwishowe akaongea na baba yake, na wazee wa Chwele wamesema mzee atoe kondoo na mimi nitoe shuka, tuoshe aibu, na baada ya hapo tunaweza kusalimiana kama watu. Nikasema shuka nitatoa, tena la manjano.

Jumanne, 22 Julai

Plasta imetolewa. Mguu umekonda lakini anaukanyaga kwa gongo. Opicho anataka kumkatia basi la Jumamosi. Mzee amekataa.

Ijumaa, 25 Julai

Bado amekataa. Nimekasirika, siwezi kusema uongo. Nampenda sasa, lakini ploti ni ndogo, msalani tunapishana kwa mashauri, na Vivian akija atalala wapi? Nikamuuliza Pilau mbele yake, Kuka anangoja nini Nairobi? Mzee akasema, "Mwambie nangoja shule zifungwe." Nikadhani anataka Vivian amsindikize safari.

Alhamisi, 31 Julai

Kesho Vivian anakuja. Sijalala vizuri. Nimeshapanga nitakachosema. Nitasema ni maji ya kisima. Maji hayana baba wala mjukuu, hayatamkasirikia mtu. Mtoto huyu anampenda babu yake, na mzee ana umri, kwa nini abebe hilo kwenda nalo Chwele?

Nikamwambia Pilau mpango wangu kwa sauti, nikimsugulia sanduku. Mzee alikuwa ameketi pale pale, maana pazia nimelitoa nikalifua.

"Mama Vivian," akasema, "acha kumtuma mnyama uongo. Maji hayakufanya kitu."

Nikasema, "Baba, yeye ni mtoto."

"Ndiyo maana nimengoja."

Ijumaa, 1 Agosti

Amefika saa nane, amerefuka, begi mgongoni. Aliliangusha mlangoni, akapiga magoti penye sanduku. Pilau alipomsikia akapiga mayowe. Vivian akamkumbatia, akampapasa mgongo, mbavu, tumbo, akanusa. Kisha akatazama ile nafasi ya pili kwenye nyasi, na nikaona kidevu chake kikianza kucheza.

Mzee akashika gongo akasimama. Ilimchukua muda. Nilitaka kwenda kumshika nikajizuia.

"Vivian," akasema, "Njugu aliuawa na mimi. Nilimpa dawa ya mifupa yangu kila siku, nikidhani namponya. Mama yako aliwachunga vizuri. Aliyeharibu ni mimi. Sikuuliza mtu."

 Vivian akamrudisha Pilau sandukuni, akainuka, akapita katikati yetu akaingia jikoni. Nikasikia mfereji ukifunguliwa, ukamwagika muda mrefu. Mzee alibaki amesimama. Nilimwambia, "Baba, keti, mguu." Hakuketi. Mimi nilikuwa nimeshika upande wa kabati, nikimwomba Mungu mtoto huyu asitoke na mdomo wangu.

Akatoka uso umelowa, macho mekundu, kisu cha nyasi mkononi. Akamtazama babu yake. Kisha akainama, akamtoa Pilau.

"Keti, Kuka."

Akaketi. Vivian akamwekea Pilau mapajani, akachukua mkono wa mzee akauingiza chini ya miguu ya nyuma.

"Mshike hivi asianguke. Naenda kumkatia nyasi, nakuja."